Vitenzi Vyenye Mikia

Jumapili mchana, vyombo vikishaoshwa, nyumba ya vyumba viwili ilikuwa inatulia kama darasa mwalimu akiingia. Mama alizima redio, akavuta stuli yake karibu na mlango, akakunja mikono mapajani. Binti yake alipangusa kioo cha simu kwa pindo la gauni, akaiegemeza kwenye birika. Mambo ya kuonana kwa picha walishayaacha. Picha ilikuwa inakwama, uso wa mtoto unaganda mdomo wazi, na Mama hakuweza kuvumilia kuuona hivyo. Sauti ilitosha.

"Haya, tukae kimya," binti alisema.

"Nani anaongea? Wewe piga."

Huko simu ilikokwenda kulia, ng'ambo ambako usiku ulishaingia, alikuwapo mtoto wa kike wa darasa la pili. Mama yake ndiye aliyempa jina la utani, Punje, kwa udogo aliozaliwa nao. Na Punje naye alimpa jina mdogo wa mama yake, huyu binti mwenye simu. Alifundishwa kusema mama mdogo, ulimi ukakataa, likatoka Mamdogo. Basi likamganda. Hata kazini walimwita hivyo.

Dada mtu alikwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani, akaolewa hukohuko na mwenyeji, akazaa, akaugua, akafa. Maisha yake ukiyasimulia hivyo hayajazi kiganja. Shemeji hakujua Kiswahili, na dada hakutaka mtu aachwe nje ya mazungumzo mezani kwake, kwa hiyo nyumba nzima ilizungumza Kiingereza. Kiswahili angemfundisha mtoto akikua kidogo, alisema. Akikua kidogo. Siku za mwisho, sauti imekuwa kama karatasi, alimwambia mdogo wake kwenye simu: "Usiache Punje anisahau. Ongea naye. Ongea naye chochote."

Mamdogo aliahidi. Na kuahidi ni rahisi, mdomo hauna mfupa.

Tatizo lilikuwa Kiingereza. Wote wawili, dada na mdogo mtu, shule yao iliishia darasa la saba, kwenye dawati moja wakipokezana, mkubwa akimfundisha mdogo jioni yale aliyoyapata asubuhi. Dada alikwenda nacho hivyohivyo na kukiongezea cha njiani. Mdogo alibaki nacho kilekile. Punje alipouliza, "Mama alikuwaje alipokuwa mdogo?" Mamdogo alitafuta maneno, akapapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, akajibu:

"Alikuwa mzuri."

"Mzuri vipi?"

"Alikuwa mzuri sana, mama yangu."

Ndipo mtoto aliposhusha pumzi ndefu. Mamdogo aliisikia pumzi ile mpaka kwenye meno. Jumapili iliyofuata Punje aliuliza swali lilelile, akapata jibu lilelile, akashusha pumzi ileile. Na iliyofuata. Mtu anayerudia swali, Mamdogo aliwaza, ni mtu ambaye hajajibiwa. Mtoto amechoka nami. Siku moja hatauliza tena, na siku hiyo dada yangu atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii nitakuwa nimemuua mimi.

* * *

Mamdogo alifanya kazi kwenye karakana ya kugeuza nguo kuukuu. Makoti makubwa ya wanaume yaliingia kwa marobota, yakatoka yakiwa magauni ya watoto na mifuko ya shule. Kazi yake ilikuwa kufumua. Alikaa dirishani na wembe, akaifuata njia ya fundi aliyeshona zamani, mshono kwa mshono, bila kuchana kitambaa. Wasio na subira hawakukaa kwenye kiti kile. Vipande vilivyofumuliwa vilikwenda kwa Mama Pasi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyevinyoosha huku akisema na kila mtu.

"Mamdogo, umenuna kama mtu aliyekatiwa maji. Kuna nini?"

"Nataka Kiingereza."

"Wengine wanataka mume, wewe unataka Kiingereza! Cha nini?"

"Cha kusema mtu alikuwaje."

Mama Pasi alisimamisha pasi hewani. Msiba ule aliujua. "Nenda kwa Mkalimani," akasema, na safari hii hakucheka.

Mkalimani aliishi chumba cha uani nyuma ya duka la kutoa fotokopi, mzee mwembamba mwenye mguu uliovimba, aliyetumia ujana wake wote kutafsiri mahakamani. Alimsikiliza Mamdogo akijieleza kwa Kiingereza alichonacho, macho ameyafumba.

"Hiyo ni mifupa, binti," alisema alipomaliza. "Inasimama, lakini haina nyama. Unajua 'break' ni kuvunja. Basi, umetosheka. Mwenye lugha hatosheki. Anatundika mkia. Akisema 'break down', mtu amelia mpaka magoti yamelegea. 'Break up', wapendanao wameachana. 'Break in', mwizi yumo ndani. Kichwa ni kilekile, mkia ndio unaokwambia ni mnyama gani."

"Na mingi, mikia hiyo?"

"Kama nywele. Na mingine inauma."

Ujira hakutaka. Alitoa koti lake la mahakamani, kola imeliwa, akamwambia aigeuze. Hivyo ndivyo walivyokubaliana: yeye atashona vya mzee, mzee atamshonea maneno.

Siku ile ya kwanza, akimsindikiza mlangoni kwa fimbo, Mkalimani alimweleza jambo la kazi yake. "Mkalimani hasemi 'mshtakiwa anasema alimchoma kisu jirani.' Anasema 'mimi nilimchoma.' Nimesema mimi nimeiba, mimi nimebakwa, mimi mwanangu amekufa. Mama anaanguka kizimbani, mimi nimeshika ukingo wa mbao, nasema maneno yake mpaka mwisho."

"Na hulii, mzee?"

"Machozi yana mwenyewe, binti. Mkalimani halii. Yeye hayupo."

Mamdogo alisoma. Alisoma kwa namna anayofumua, bila haraka, bila kuchana. Maneno yalining'inia karakana nzima. Akivuta uzi wa mfuko alinong'ona 'take after', kufanana na mzazi. Akifungua bitana, 'get over', kupoa baada ya pigo. Akikata kifungo, 'put up with', kuvumilia usichokipenda. Alijua sasa kwamba 'sad' ni neno la bei rahisi, huzuni ya mtu aliyenyeshewa na mvua, na kwamba juu yake kuna ngazi nzima, mtu anapanda mpaka 'heartbroken', moyo uliovunjika, mpaka 'bereft', huko ambako umenyang'anywa na hakuna wa kumdai.

"Malkia wetu huyo!" Mama Pasi alimtania. "Leo umepanda ngazi ya ngapi? Usije ukatudondokea."

Na Mkalimani alisafisha. Alimtaka arudie mazungumzo yote ya Jumapili, naye akawa anasikiliza kama hakimu.

"Hapo. Umemwambia 'sori'. Umemwomba radhi ya nini?"

"Alianguka shuleni, mzee. Amechubuka goti."

"Ulimsukuma wewe?"

"Nimsukume vipi, nami niko huku?"

"Basi ondoa. Kwao sori anaisema aliyekosa. Na 'mama yangu' ondoa pia. Mtoto wa darasa la pili anakuwaje mama yako? Watakuitia daktari. Na hii 'umeamkaje', nani anauliza hivyo kwa Kiingereza? Mtu ameamka, ameamka."

Walicheka wote wawili. Mamdogo akaenda nyumbani akaviondoa, kimoja kimoja, kwa wembe. Hakubakiza uzi.

* * *

Jumapili ile aliyojiona yuko tayari, alivaa gauni la kutokea, ingawa hakuna ambaye angemwona. Punje alipofika kwenye simu, Mamdogo hakungoja swali. Alimsimulia siku mama yake alipoiba ulimi wa kengele ya shule, akauficha ndani ya soksi, na shule nzima ikabaki uwanjani kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuwaambia waingie. Aliisimulia kwa vitenzi vyenye mikia na maneno ya ngazi ya juu, mwalimu mkuu akawa si mkali tu bali anatoa moshi, dada akawa si jasiri tu bali ana kiburi kitamu cha jogoo. Sentensi zilitoka zimepigwa pasi.

"Sawa," Punje alisema. "Asante kwa kunisimulia."

Kisha akasema ana kazi ya shule.

"Umesikia, Mama?" Mamdogo aligeuka. "Sikukwama hata mahali pamoja!"

Mama alikuwa anatazama nje ya mlango. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji. "Nimesikia," alisema. "Umeongea kama mtu wa benki."

Mamdogo aliichukua kama sifa.

Lakini Jumapili zilizofuata zilianza kufupika kama nguo iliyoingia majini ikaruka. Punje alisema sawa. Alisema ndiyo. Aliaga mapema. Swali lake la zamani hakuliuliza tena, na pumzi ile ndefu haikusikika. Mamdogo alihesabu kosa kuwa ni lake, na katika hilo hakukosea. Alikosea tu mahali lilipo. Alidhani bado hajafika. Akaongeza bidii, akaenda kwa Mkalimani hata siku alizochoka, akasoma maneno ya huruma, ya kubembeleza, ya kicheko. Kadiri alivyopanda, mtoto alirudi nyuma.

Kisha Jumapili moja aliyepokea alikuwa shemeji peke yake.

"Hataki kuja kwenye simu," shemeji alisema. "Samahani. Sitamlazimisha. Ana mengi ya kulazimishwa."

"Nimemkosea nini?"

Shemeji alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyapima. "Zamani," alisema, "akimaliza kuoga alikuwa anaichukua simu kitandani, anaiweka kwenye mto. Anakuuliza mama alikuwaje. Wewe unasema alikuwa mzuri, alikuwa mzuri sana, mama yangu. Anashusha pumzi, anajikunja. Mara nyingi alikuwa amelala kabla hamjaagana, mimi ndiye nilikuwa nazima."

"Amelala?"

"Ulikuwa unaongea kama yeye. Kama mke wangu. Ile sori mtu akijikwaa. Ile umeamkaje. Hata mimi nilikuwa nasimama mlangoni nasikiliza." Alikohoa. "Sasa unaongea vizuri sana. Ameniambia mwalimu mmoja amekichukua kiti cha Mamdogo."

Mamdogo alielewa kila neno. Hakuna hata moja lililompita. Hiyo ndiyo faida aliyoipata.

Alipoweka simu chini, Mama aliuliza, "Anaumwa?"

"Hapana. Haumwi."

"Basi nini?"

Mamdogo alikwenda kukaa kwenye ngazi ya nje, jua linampiga usoni, akaikumbuka pumzi ile aliyoisikia mpaka kwenye meno. Haikuwa ya kuchoka. Ilikuwa ya kufika. Mtoto alikuwa anabisha mlango uleule kila Jumapili kwa sababu ulikuwa unafunguka, na yeye akang'oa mlango akaweka ukuta wa marumaru.

* * *

Mkalimani aliisikiliza habari yote, mguu wake umeinuliwa juu ya debe.

"Uliniomba Kiingereza, binti," alisema mwishowe. "Kingekuwa kitu kingine ungeniambia."

"Sikujua ni kitu kingine, mzee."

"Hapo umesema." Alijikanda goti. "Sasa rudi ulikotoka. Ongea kama zamani. Shida iko wapi?"

Mamdogo alimrudishia koti, kola imegeuzwa, upande usioliwa umekuja juu. Mzee aliipapasa kwa kidole gumba, pale mashimo ya sindano ya zamani yalipobaki yamejipanga, hayana uzi. Mamdogo alijua kwamba mzee naye hakuamini ushauri wake mwenyewe.

Hata hivyo aliujaribu. Alimwomba shemeji mara moja tu, Jumapili moja tu, na shemeji akamleta mtoto. Mama alikuwa kwenye stuli yake. Mamdogo aliinamia simu kwenye birika, akasema kwa Kiingereza cha dawati la zamani, akiyapinda maneno makusudi, akiyakwaza mahali ambapo yalikuwa yameshanyooka:

"Umeamkaje, mama yangu? Sori. Sori sana, mama."

"Acha," Punje alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ngumu. "Stop putting it on."

Hicho nacho kina mkia. Mkalimani alimfundisha siku ya mvua, wakicheka: mtu anayejifanya, anayevaa sauti isiyo yake. Zamani kisingemgusa. Angesema ndiyo, ndiyo mama, akaendelea. Sasa kilimwingia moja kwa moja, na hakuwa na pa kukikimbilia.

Lakini mtoto hakukata simu. Alikuwa anapumua huko, kwa pua, kama anayelia bila kutaka kusikika.

"Amesemaje?" Mama aliuliza.

"Anasema najifanya."

Mama aliinuka. Muda wote huo, tangu msiba, hakuwahi kuisogelea simu ile. Akiambiwa asalimie alisema nitamwambia nini mimi, nitamtia aibu. Sasa aliiburuza stuli mpaka kwenye birika, akakaa, goti lake limegusa goti la binti yake.

"Mwambie," akasema, kisha akasita. "Hapana. Lako usimwambie. Mwambie langu. Kama lilivyo, usilipambe."

"Mama..."

"Nimesema mwambie langu." Akainama kwenye simu kama anayechungulia kisimani. "Umeamkaje, mama yangu?"

Mamdogo aliushika ukingo wa meza. Akalitwaa neno la Mama, akalivusha neno kwa neno, halina nyama, halina pasi. Mtoto akaacha kupumua.

"Huyo ni nani?"

"Bibi yako."

"Goti lako lilipona?" Mama aliuliza. "Lile ulilochubuka. Pole. Pole, mama, pole sana." Na Mamdogo akasema sori, sori mama, sori sana, na safari hii hakuna aliyemwambia anajifanya, kwa sababu hakuwa anajifanya. Maneno yalikuwa na mwenyewe.

"Lilipona," Punje alisema.

"Mimi namkumbuka mama yako kila nikiamka," Mama alisema. "Nafungua macho, namkumbuka, ndipo naamka."

Mamdogo aliivusha hiyo pia. Alisema mimi. Alisema mimi namkumbuka, na katikati ya sentensi hakujua tena mimi huyo ni nani, akaendelea tu, mpaka mwisho, kama Mkalimani alivyomwambia hufanywa.

Huko ng'ambo kitu kilichakacha, shuka au mto.

"Bibi," Punje aliuliza, "Mama alikuwaje alipokuwa mdogo?"

Mamdogo alimtafsiria Mama. Alikuwa na kisa cha kengele mdomoni. Alikuwa na ngazi nzima. Mama alivifuta viganja vyake juu ya gauni.

"Alikuwa mzuri," akasema.

"Mzuri vipi?"

"Mzuri sana, mama yangu. Alikuwa mzuri sana."

Ikaja ile pumzi. Ndefu, ya kushuka taratibu, kama mtu anayetua mzigo. Wote wawili waliisikia, na hakuna aliyejitikisa mpaka ilipokwisha.

"Mwambie Bibi aje tena Jumapili," mtoto alisema, usingizi umeshamshika ulimi. Kisha akasikika shemeji, mbali, akisema asante, na simu ikazimwa huko.

"Amesemaje mwisho?" Mama aliuliza.

"Anasema uje tena."

"Na wewe?"

Mamdogo aliichukua simu, ikiwa bado na joto, akaipangusa kwa pindo la gauni. Akalirudisha birika jikoni, akalijaza maji, akasimama akiyatazama yakitulia.

"Mimi nitakuwepo, Mama," alisema. "Nani mwingine atakuvushia?"